Beseni la Petroli na Mashine ya Sauti: Habari za Gereji za Nyumbani Busia na Malaba



Miongoni mwa vijana wetu wa pwani waliokwenda kutafuta riziki bara, wako waliofika hadi mwisho wa barabara yenyewe, pale Kenya inapokoma na Uganda inapoanza. Barabara kuu itokayo Mombasa hufika Malaba baada ya zaidi ya kilomita 900, na takriban kilomita 30 kusini ya hapo upo mji wa Busia, ambao nao ni mlango wa mpaka. Aghalabu walitangulia kwa malori, wakiwa madereva au utingo. Baadhi yao wakaoa huko, wakajenga, na leo wana gereji ndogo katika nyua za nyumba zao. Ni kwa ajili yao, na zaidi kwa ajili ya wake na watoto wanaoishi katika ua huo huo, ndipo nikaandika makala haya. Jambo lenyewe ni dogo kwa sura: namna ya kuosha vipuri vidogo vya pikipiki na gari. Lakini katika jambo hili dogo mna moto, mna afya, na mna pesa ya mteja.

Si ajabu mazungumzo ya pikipiki kuanzia Busia. Neno bodaboda, ambalo sasa limeenea Afrika Mashariki nzima, asili yake ni mpaka huu. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wenye baiskeli waliwachukua abiria pamoja na mizigo yao na kuwavusha ile nafasi iliyopo baina ya ofisi za mpaka za pande mbili, wakinadi “boda, boda”, yaani mpaka hadi mpaka. Baadaye baiskeli zikaipisha pikipiki, hasa baada ya mwaka wa 2008, serikali ya Kenya ilipoziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani. Siku hizi ukisimama penye kituo cha mpaka asubuhi hutaweza kuzihesabu. Na kila pikipiki unayoiona pale ni chakula cha nyumba moja au mbili. Ikilala siku moja, nyumba hiyo hulala na deni.

Nyingi ya pikipiki hizo ni za sisi 100 hadi 150, na bado zinatumia kabureta. Kabureta ni koo la injini. Ndani yake petroli hukutana na hewa, na vipimo vya mkutano huo hutolewa na vishimo vilivyotobolewa katika vipande vya shaba viitwavyo jeti. Jeti ya mwendo wa chini, ile inayoifanya pikipiki ingurume kwa utulivu inaposimama, ina tundu ambalo upana wake haufiki nusu milimita. Petroli iliyolala muda mrefu hugeuka utomvu wa rangi ya kahawia, na utomvu huo ukiganda tunduni, pikipiki hukataa kuwaka asubuhi, au huwaka ikazimika kila mwenyewe anapoachia mkono wa mafuta.

Pale mpakani kuna sababu za ziada. Bei ya mafuta inapotofautiana baina ya nchi mbili, petroli huvuka kwa mitungi ya plastiki na kuuzwa kando ya njia katika chupa, na jana chupa ile ilikuwa na nini, hakuna aulizaye. Vumbi na maji huingia humo kwa urahisi. Wako pia wanaochanganya petroli na mafuta ya taa. Uovu huo ulikuwa mkubwa nchini kote, hata Septemba 2018 serikali ikaweka ushuru maalumu wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili faida ya mchanganyiko ipotee. Kwa hivyo fundi wa Busia huifungua kabureta mara nyingi kuliko anavyodhani mtu wa mjini.

Petroli uani

Je, huioshaje? Tangu nilipoanza kuwaona mafundi, njia imekuwa moja. Huchukuliwa karai au beseni, ikatiwa petroli kiasi cha nusu lita, vipuri vikarowekwa humo, kisha fundi akasugua kwa mswaki mkuukuu, mikono mitupu. Tundu la jeti likikaidi, huchomolewa uzi mmoja wa kebo ya klachi, nalo likachokonolewa kwa waya ule.

Waya huo nauanza mimi, kwa sababu madhara yake hayaonekani. Kebo ni chuma kigumu na jeti ni shaba laini. Ukichokonoa, uchafu utatoka, lakini na shaba kidogo itatoka pia. Tundu likipanuka hata kwa unene wa unywele, pikipiki itakunywa petroli zaidi kila siku mpaka jeti ile ibadilishwe. Mwenye pikipiki ataondoka akishukuru kwamba imewaka, asijue kwamba amebandikwa ushuru ambao hakuna aliyeutangaza. Mteja amekuachia mali yake kwa kuamini kwamba utaitengeneza, na ulichomrudishia ni hasara iliyofichwa.

Ama beseni la petroli, hatari yake iko wazi na bado watu wameizoea. Petroli hutoa mvuke hata katika baridi kali, seuze katika joto la mchana wa Busia. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukaenda zake. Hutambaa chini kama maji yasiyoonekana, ukafuata mteremko wa ua, ukaingia jikoni kwa chini ya mlango. Jiko la makaa lililo hatua kadhaa mbali latosha kuuwasha, na moto hurudi kwa njia ile ile uliyojia mvuke hadi kwenye beseni. Isitoshe, ndani ya petroli mna benzini, sumu ambayo imethibitishwa kusababisha saratani ya damu, nayo huingia mwilini kwa pumzi na pia kwa ngozi. Fundi anayetumbukiza mikono humo miaka 20 anajipimia mwenyewe.

Watu wa njia ya Busia hawahitaji kuhadithiwa na mgeni jinsi petroli ilivyo. Julai 2021, huko Malanga katika kaunti ya Siaya, kwenye barabara hiyo hiyo ya kutoka Kisumu kwenda Busia, lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka. Waliofariki hawakupungua 13. Tukio lile lilikuwa kubwa likaingia magazetini. Moto wa beseni uani hauingii magazetini, nao humchoma mtoto mmoja kwa wakati.

Mpwa wangu ana gereji ya namna hii mjini Busia: paa la mabati lililoegemezwa ukuta wa nyumba, meza ya mbao, sanduku la spana, na pikipiki tatu au nne zinazongoja zamu. Nilipomtembelea niliona juu ya meza chombo cha chuma king’aacho, mfano wa sufuria ya mraba yenye mfuniko, kikitoa sauti kama ya nzige. Mkewe akaniambia kabla yeye hajafungua kinywa:

“Mjomba, hicho ndicho kilichoondoa lile beseni mlangoni kwangu. Zamani nilikuwa siwashi jiko mpaka nimchungulie kwanza anafanya nini.”

“Na kazi inafanyika?” nikauliza.

“Inafanyika, mjomba,” akajibu mpwa wangu, “lakini si kila kazi. Wanaonunua wakidhani ni muujiza hukirudisha sokoni mwezi wa pili.”

Majibu hayo mawili, la mke na la mume, ndiyo makala yote. Mengine ni maelezo.

Sauti isiyosikika

Chombo kile ni mashine ya kuoshea kwa mawimbi ya sauti, na mafundi huiita altrasoniki. Wasomaji wetu akina mama wanaijua altrasaundi ya hospitali ambayo humwonyesha mtoto tumboni. Hizi ni jamaa moja, ila kazi zao mbali. Ile ya hospitali hutikisika mamilioni ya mara kwa sekunde na nguvu yake ni ndogo. Hii ya gereji hutikisika kiasi cha mara 40,000 kwa sekunde, kwa nguvu. Sikio la mwanadamu halipokei zaidi ya takriban 20,000, kwa hivyo kile kinachosikika kama nzige ni mabaki tu ya sauti yenyewe.

Chini ya tangi, kwa nje, vimegandishwa vidude kama sarafu nene. Ni aina ya kauri ambayo ukiipitishia umeme hupanuka na kunywea. Asili ya elimu hii ni ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waliogundua mwaka wa 1880 kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa huzaa umeme. Mwaka uliofuata wakathibitisha kwamba kinyume chake pia ni kweli. Mtikisiko wa kauri huitikisa sakafu ya tangi, na sakafu huyavuta maji na kuyasukuma kwa kasi hata maji yenyewe hayawahi kufuata. Yanapovutwa hupasuka ndani, yakafanya mapovu madogo mno yasiyo na hewa. Yanaposukumwa, mapovu yale huporomoka ghafula, na kila poromoko hupiga kishindo kidogo juu ya kitu kilicho karibu. Mapovu ni mengi yasiyo na idadi, nayo huzuka popote maji yalipofika, hata ndani ya tundu la nusu milimita ambamo mswaki hauingii.

Watu wa pwani wana ushahidi wa jambo hili bila ya kwenda gereji. Nahodha yeyote mwenye mashine ya boti amewahi kuliona pangaboi lililoliwa vishimovishimo, kana kwamba mchwa wamejifunza kula chuma. Hiyo ni kazi ya mapovu yale yale. Katika miaka ya 1890 Waingereza walishangaa manowari yao mpya iitwayo Daring ilipokataa kufikia mwendo waliouhesabu, mpaka ikajulikana kwamba pangaboi lilikuwa likiyapasua maji na kuzunguka katika uwazi. Mwaka wa 1917 Lord Rayleigh akapiga hesabu ya nguvu inayotoka povu linapoporomoka, akaonyesha kwamba ni kubwa kiasi cha kuumiza chuma. Kile ambacho baharini ni adui wa nahodha, wajuzi wa viwanda wakakifungia tangini kikawa mtumishi. Tangu miaka ya 1950 mashine hizi zimekuwa zikiuzwa kwa viwanda, kwa hospitali za kuosha vyuma vya upasuaji, na kwa masonara. Jipya ni kwamba sasa kuna za lita 2 au 3, za bei ambayo fundi wa kawaida akijibana ataifikia.

Namna ya kuosha

Nimemwomba mpwa wangu anieleze hatua kwa hatua, nami nikalinganisha na niliyoyasoma. Haya ndiyo tuliyokubaliana.

Kabureta kwanza hufunguliwa yote. Skrubu ya hewa, kabla ya kutolewa, huzungushwa ndani mpaka ikae, na mizunguko yake ikahesabiwa na kuandikwa, ili irudi pale pale ilipokuwa. Raba zote hutolewa, na floti, na kiwambo kama kipo, kwa maana vitu laini hunyonya sauti visipate faida, na baadhi huharibika. Matope na grisi nene huondolewa kwa brashi na sabuni nje ya mashine. Anayetumbukiza kipuri chenye tope anaosha maji, haoshi kipuri.

Maji yawe safi. Ya mvua ni bora zaidi kuliko ya kisima chenye chumvi. Hutiwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, matone machache tu. Sabuni kali za magadi na dawa za kuzibulia mabomba zisisogee, kwani mwili wa kabureta ni mchanganyiko wa alumini na zinki, na vitu hivyo huula ukageuka mweusi. Nawaonya pia ndugu zangu wa pwani, tuliozoea kusugua sinia za shaba kwa ndimu: ndimu ina mahali pake, nayo ni sinia.

Joto zuri ni la nyuzi 50 hadi 60. Mashine ina kipasha maji chake, lakini katika mashine ndogo kipasha hicho ni dhaifu, kama wati 100. Kwa lita 2 za maji ya bomba kitachukua zaidi ya nusu saa. Ni afadhali kuchanganya maji ya birika na ya baridi mpaka yawe ya kiasi, kisha ndipo yakamiminwa. Mashine huwashwa tupu ya vipuri dakika tano au kumi kwanza, ili hewa iliyomo majini ipande itoke. Hewa ikibaki, mapovu yake huwa kama mto na kishindo hupotea. Hapo ndipo vipuri huwekwa ndani ya kikapu, kamwe visilale juu ya sakafu ya tangi, visije vikaiumiza na kuzinyima nguvu zile kauri. Dakika tano hadi kumi zatosha. Hugeuzwa, vikarudishwa mara nyingine. Jeti na vitu vidogo hutiwa katika gilasi yenye maji na sabuni, na gilasi ikasimamishwa ndani ya maji ya tangi, kwani sauti hupita kioo bila taabu. Hivyo havipotei, na jeti za mteja huyu hazichanganyiki na za yule. Kila gilasi mpwa wangu huibandika karatasi yenye namba ya pikipiki.

Baada ya hapo ni kusuuza kwa maji safi na kupuliza kila tundu. Asiye na kompresa hutumia pampu ya baiskeli, na kwa tundu dogo pampu ni hodari. Kisha jeti huinuliwa mbele ya jua, fundi akatazama kwa jicho moja. Ukiona nuru ya duara kamili, imekwisha. Ukiona nuru yenye pembe, rudia, na waya ubaki kwenye kebo yake.

Sasa nasema lile ambalo ningependa lisomwe kwa sauti katika kila nyumba yenye mashine hii. Usitie petroli ndani ya tangi. Wala mafuta ya taa, wala thina, wala spiriti. Wako mafundi wafanyao hivyo kwa kusema kwamba sabuni inachelewa. Fikirini: chombo kinachopasha moto, kinachotikisa mafuta mpaka yakawa ukungu, na chini yake mna umeme ambao haukukingwa na mvuke. Beseni lilikuwa likingoja cheche itoke jikoni. Hapa cheche imewekewa kiti ndani ya nyumba. Hata ile hila ya kutia petroli ndani ya gilasi na gilasi ndani ya maji siikubali, maana gilasi hupasuka na mvuke hutoka. Aliyenunua mashine ili atie petroli amelipa pesa nyingi kurudi alikokuwa, na pabaya zaidi.

Kuna na madogo ya kuzingatia. Mashine isiwashwe bila maji, itakufa siku hiyo hiyo. Mkono usitiwe ndani inapofanya kazi. Uchomolewe waya wa umeme kabla ya kujaza au kumwaga. Ikae juu ambapo mtoto hafiki, kwa sababu maji yake ni moto na waya wake unavutika.

Ama gharama ya umeme, hesabu yake ni nyepesi. Mashine ya lita 2 aghalabu ina wati 60 za sauti na wati 100 za kipasha maji. Ikifanya kazi robo saa kwa vyote viwili, imetumia sehemu 4 kwa mia za uniti moja. Kwa uniti moja utaosha mara 25. Linganisha na nusu lita ya petroli inayomwagwa kila kabureta mbili au tatu, nawe utajua ni kipi kinachokula faida yako.

Wauzaji wana hila zao. Hujumlisha wati za sauti na za kipasha maji wakaandika namba moja kubwa juu ya sanduku. Muulize za sauti peke yake. Kuna na vichombo vya bei rahisi mno vya kuoshea miwani, ambavyo ndani yake mna kimota kidogo kinachotetemesha maji tu. Dawa ya hilo ni karatasi ya alumini ya jikoni. Kata kipande, kiining’inize ndani ya maji dakika moja mashine ikifanya kazi, kisha kiangalie mbele ya mwanga. Mashine ya kweli huitoboa vishimovishimo au kuichakaza. Ya uongo hukirudisha kipande kizima. Muuzaji akikataa jaribio hilo, awe wa Busia, wa ng’ambo ya mpaka, au wa Kirinyaga Road kule Nairobi, weka pesa yako mfukoni. Utazame pia kibandiko cha umeme. Umeme wetu ni wa volti 240, na baadhi ya mashine zinazoletwa zilitengenezewa nchi za volti 110.

Kina mama wameniuliza, na swali lao ni la haki: je, bangili za dhahabu nazo zaingia? Dhahabu tupu isiyo na vito huoshwa vizuri, na masonara ndivyo wafanyavyo. Lakini lulu na marijani visitiwe kabisa, vitapoteza uso wake, na zumaridi nayo huweza kupasuka. Wala bangili zisitiwe katika maji yaliyotoka kuosha kabureta. Hilo nalitaja kwa kuwa nimeliona.

Malori ya Malaba

Malaba ni habari nyingine. Pale mfalme ni lori. Foleni ya mpaka hapo yajulikana tangu zamani, na wakati wa korona mwaka wa 2020 ilinyooka makumi ya kilomita. Injini inayowashwa na kuzimwa kutwa kucha, ikisogea hatua chache kwa saa, hujaza masizi katika nozeli zake, na dereva anapofika upande wa pili moshi ni mweusi na lori halipandi kilima. Humwendea fundi aliye karibu. Fundi aliyesikia habari za mashine ya sauti hupata tamaa.

Hapa nashauri ujizuie. Tundu za nozeli ya dizeli ni nyembamba hata kuliko jeti, kiasi cha sehemu mbili za kumi za milimita au pungufu, na katika malori ya kisasa dizeli hupita humo kwa shinikizo linalozidi mara elfu moja la hewa tunayovuta. Mashine ya sauti yaweza kuondoa masizi ya nje ya ncha. Lakini ndani ya nozeli iliyofungwa maji hayapiti, na hata ikisafika, hapana ajuaye kama inanyunyiza sawasawa mpaka ipimwe juu ya mtambo wa kupimia. Gereji ya uani haina mtambo huo. Na asijaribu mtu kuijaribu nozeli kwa kuielekezea kiganja chake: mnyunyizo ule hutoboa ngozi kama sindano na kupeleka dizeli ndani ya nyama, na jeraha linaloonekana kama nukta huweza kumaliza kwa mkono kukatwa. Safisha nje, ufunge, umwelekeze dereva kwenye karakana yenye kipimo. Ujira wa kumwelekeza mtu ni mdogo, najua.

Lililo jema kwa fundi mdogo wa Malaba ni vitu vingine vya lori na vya gari ndogo: vali ndogo za breki za upepo zilizofunguliwa na kutolewa raba, viungo vya shaba vya mabomba, nati na boliti za thamani, na kabureta za jenereta za wenye maduka. Kutu nene haitoki kwa sauti, wala rangi, wala kaboni iliyogandia bastola miaka mitano. Hiyo hurowekwa kwanza, kisha mashine humalizia. Bearingi zilizofungwa usizitie, maji yataingia na grisi itatoka.

Nimeona mahali mafundi wawili majirani wamechanga wakanunua mashine moja ya lita 6, ikakaa kwa aliye na umeme wa kutegemewa, na kila mmoja akaleta gilasi zake. Ni mpango mzuri kwa wasioweza peke yao, mradi waandikiane tangu mwanzo nani hulipa kauri zikifa.

Limebaki suala la maji machafu. Baada ya kuosha kabureta nne au tano maji hugeuka ya kijivu, na juu yake utando wa mafuta wenye rangi za upinde wa mvua. Wengi huyamwaga mtaroni. Mitaro ya Busia huelekea mto Sio, ambao sehemu yake ndiyo mpaka wenyewe, nao huingia ziwa Victoria. Ya upande wa Malaba huishia mto Malaba, ambao huingia Uganda na kwenda zake hadi ziwa Kyoga. Kina mama wa kingo zote mbili wanachota humo. Mpwa wangu huyaacha maji yake siku mbili katika dumu lililokatwa juu, mafuta yakapanda na mchanga wa chuma ukashuka. Ya juu huyachota kwa kikombe akayatia pamoja na oili chafu ya injini, ambayo wapo wanaokuja kuinunua. Tope la chini hulifunga katika mfuko. Maji ya katikati huyarudisha tangini kwa vile vipuri vichafu zaidi vya wiki ijayo.